Waelimishaji rika Dodoma wanawapata watu mtaani, kwa nini wengi hawafiki kliniki?

#1 Mkwaju_Kavu (mleta uzi)
Wakuu, mbukwenyi.

Hapa Dodoma kazi ya kuwafuata mtaani waraibu wa unga (heroini), wagonjwa wa akili wanaolala nje na wale wa gongo imeachiwa zaidi waelimishaji rika, yaani watu waliopita hukohuko. Kuwapata walengwa si kazi: vibarazani Majengo, stendi, pembezoni mwa reli, rika anawajua kwa majina. Mtu anakubali vizuri tu kwamba atakwenda kliniki ya Itega kwa ajili ya methadoni (dawa ya kunywa badala ya unga), au hospitali ya Mirembe kama ni suala la akili. Baada ya hapo anayeyuka. Wengine wanafika mara moja, hawaonekani tena.

Mimi nasema tatizo ni mapokezi, rika hana kosa. Mtu anafikishwa Ijumaa saa nane, anaambiwa arudi Jumatatu. Kwa anayetumia unga, Jumatatu iko mbali kuliko mwakani. Nipingeni.

#2 ZabibuChungu
Nakupinga. Ni saa za kazi. Timu inatoka ofisini saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa gari lipo. Saa nne mtu wa unga yuko mbioni. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, inaanza kumgusa saa 6 hadi 12 baada ya kete (pakiti ya unga) ya mwisho, kwa hiyo asubuhi akili yake yote iko kwenye kutafuta hela. Anakuitikia "ndiyo, ndiyo" ili umpishe. Akishatumia na kutulia, bila kusinzia, ndipo anasikiliza. Hicho kipindi ni kifupi, na anayejua kinaangukia saa ngapi kwenye maskani (kijiwe) fulani ni rika, dereva wa gari hajui.

Kwa wagonjwa wa akili wanaolala nje ni tofauti kabisa. Wapate saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku wakati wanatandika, au alfajiri kabla wenye maduka hawajaanza kuwafagia. Mchana wanatembea, hutawaona.

#3 Upepo wa Kizota
Ongezea na vile vizibao vya njano vyenye nembo. Ukitokea navyo kwa mbali unafanana na mgambo wa jiji. Watu wanatawanyika hata salamu hujatoa 😂

#4 Mbuyu wa Kongwa
Tusiwalaumu sana, methadoni yenyewe ni mpya nchini, imeanza juzi tu 2014. Na wagonjwa wa akili wanaogopa Mirembe kwa sababu wanajua wakipelekwa wanaishia kufungwa gereza la Isanga.

#5 NesiMstaafu
Mkuu #4, yote mawili si kweli. Methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, halafu Temeke, ndipo ikaenda mikoani. Isanga ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Kuna taasisi ya Isanga iliyo chini ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili waliofikishwa huko kwa amri ya kisheria baada ya kosa la jinai. Na kuna Gereza Kuu Isanga, la wafungwa. Mtu anayeokotwa sokoni akiongea peke yake haendi kokote kati ya hizo, anaanzia kliniki ya kawaida kama mgonjwa mwingine. Rika akishindwa kulieleza hilo kwa sentensi mbili, mteja amekwisha kumtoka, maana hofu ya Isanga ni kubwa kuliko hofu ya kulala nje.

#6 Chandarua
Mnazunguka, jibu ni nauli. Kwa anayeanza, methadoni inanywewa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Piga hesabu: daladala ya karibu ni 600 kwenda, 600 kurudi. Hiyo ni 1,200 kwa siku, 36,000 kwa siku 30, na hapo nimemhesabia mwenye bahati ya njia ya gari moja. Mtu anayebeba mizigo sokoni atoe 36,000 kwenye nini? Asasi nyingi zinalipa nauli ya wiki ya kwanza halafu zinasema "ajitegemee". Ndiyo maana wanapotea wiki ya pili.

#7 NesiMstaafu
Wiki ya pili wanapotea kweli, ila nauli ni nusu ya habari. Dozi ya kuanzia ni ndogo makusudi, miligramu 20 hadi 30, inapandishwa polepole. Wengi wanakuja kutulia kati ya 60 na 120. Methadoni inajikusanya mwilini. Ukianza na kubwa unaweza kumuua siku ya tatu au ya nne, hasa akichanganya na Valium au pombe. Matokeo yake siku 10 hadi 14 za mwanzo mtu anakunywa dawa asubuhi, usiku arosto inamrudia: jasho, mifupa kuuma, kuhara, usingizi hakuna. Anasema dawa yenu feki. Anarudi kwenye kete JUU ya methadoni, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa hiyo rika amwambie kabla, kwa lugha ya maskani: wiki mbili utateseka kidogo, usiongeze kitu, njoo useme dozi ipandishwe. Akikosa siku tatu mfululizo asitegemee kupewa dozi ileile, itapunguzwa, na akizidisha kukosa ataanza upya. Kama anatumia dawa za TB zenye rifampisini, methadoni inayeyushwa haraka mwilini na arosto inarudi hata kwa mtu aliyekuwa ametulia miezi. Yule hajarudia unga kwa tabia mbaya. Aliyeandika TB hakuongea na wa methadoni, basi.

#8 Mkwaju_Kavu
#7 hiyo ya TB ni dhahabu. Lakini bado inarudi kwenye hoja yangu, mapokezi. Kliniki mbili hazizungumzi.

#9 Dada_Ustawi
Mnaongelea unga tu. Mgonjwa wa akili hakimbizwi na arosto, anakimbizwa na madhara ya dawa. Sindano ya mwezi, Modecate, inasaidia sana kwa asiye na pa kuweka vidonge. Ila siku za mwanzo anaweza kukakamaa shingo, macho kupanda juu, au miguu kukosa utulivu hadi anatembea usiku kucha. Watu wanasema "amezidi". Hajazidi, anahitaji Artane, dawa ya kupunguza madhara hayo. Na Artane nayo ina soko lake mtaani, kwa hiyo ukimpa ya mwezi mzima anayelala kibarazani, itaibiwa au ataiuza. Mpe ya wiki.

Halafu jua la Dodoma. Largactil, dawa nyingine ya akili, inafanya ngozi iungue haraka juani na inashusha presha mtu akisimama ghafla. Anayeshinda Majengo bila kofia mwezi wa kumi ataanguka, na watu watasema kifafa. Lithiamu, nayo ya akili, ndiyo usiseme: asiyekunywa maji ya kutosha, anatoka jasho, hapimwi damu, lithiamu inapanda mpaka sumu. Dalili ni mikono kutetemeka sana, kutapika, kuhara, kuyumba kama mlevi. Rika akiona hivyo asimwambie "pumzika kivulini", ampeleke hospitali siku hiyohiyo.

#10 Kipepeo_Hazina
Swali la mgeni. Mtu anaongea peke yake pale Nyerere Square, amebeba mifuko mingi. Kwa vitendo, unamkaribiaje?

#11 ZabibuChungu
Mnakwenda wawili, mmoja anaongea, mwenzake anaangalia pembeni. Usimtokee kwa nyuma, usisimame juu yake kama amekaa. Kaa au chuchumaa kwa ubavu, mbali kidogo zaidi ya urefu wa mkono, na usimzibe njia ya kuondokea. Salamu, jina lako, basi. Mifuko usiiguse hata kama inanuka, ile ndiyo nyumba yake. Akisema anasikia redio kichwani usimbishie na usimkubalie. Muulize kama inamnyima usingizi. Hapo mnakuwa na jambo la kuongea.

Mara ya kwanza hakuna fomu, hakuna picha, hakuna kumtaja daktari. Dakika tano zinatosha. Rudi siku na saa uliyosema, hiyo ndiyo inajenga. Ukisema Alhamisi ukaja Jumamosi, anza upya. Kwa wengine kazi hii inachukua wiki, kwa wengine miezi, na mfadhili hapendi kusikia hivyo.

Begi la rika: maji, ORS, sabuni ya kipande, gozi na plasta, dawa ya vidonda, kondomu, daftari dogo lisilo na majina kamili, simu yenye salio. Mwezi wa sita na wa saba ongeza soksi na shuka zito, baridi ya usiku Dodoma haina utani.

#12 Upepo wa Kizota
Umesahau leso ya kujifunga puani kwa vumbi la huku kwetu. Na pesa je? Mnampa au hamumpi?

#13 Chandarua
Pesa taslimu hapana. Nauli analipa rika mwenyewe akiwa naye ndani ya gari. Wakiwa watatu wanne wa maskani moja, bajaji moja inawatosha na inafika kwa wakati.

#14 Mbuyu wa Kongwa
Hapo #13 ndipo mnapowafanya watoto. Mtu mzima miaka 40, unamshika mkono hadi kwenye kiti cha daladala?

#15 Chandarua
Mkuu, 1,200 mkononi mwa mtu mwenye arosto si nauli.

#16 Dada_Ustawi
Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo wengi wanakwama na hakuna aliyegusa. Methadoni haina malipo, na kwa sera wasiojiweza wana msamaha wa gharama hospitali za serikali. Lakini msamaha unataka utambulisho, utambulisho unataka barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti anauliza: mtaa upi, huyu si mkazi wangu! Njia inayofanya kazi ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa ANAPOLALA, siyo anakotoka. Nenda na rika pamoja na mtu mmoja wa eneo anayemtambua. Mama lishe au mlinzi wa soko wanafaa sana. Ukishapata barua, peleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa hospitali kabla ya siku ya kliniki. Ukienda siku hiyohiyo utashinda kwenye benchi na mgonjwa atakuacha hapo. Nakala moja abaki nayo rika kwenye jalada ofisini, kadi ya kliniki vilevile. Karatasi ya mtu anayelala nje inadumu mpaka mvua ya kwanza.

Na jiji lisisahau, NIDA kwa watu hawa ni ndoto, kwa hiyo ofisi ikilazimisha namba ya NIDA, omba afisa ustawi aandike maelezo badala yake.

#17 Tochi_ya_Mpwapwa
Nimesoma kurasa zote. Mnakwepa jambo moja: mwelimishaji rika mwenyewe analipwaje? Posho, hana mkataba, mradi ukiisha naye anaisha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kazi za namna hii zilizotegemea fedha zile zilitikisika nchi nzima ndani ya siku chache. Mteja aliyemzoea mtu mmoja miezi sita anaambiwa "fulani hayupo tena". Hapo mnashangaa haendi kliniki?

Jingine ni hesabu. Ripoti inauliza waliofikiwa wangapi. Haiulizi waliobaki kwenye dawa baada ya miezi mitatu. Ukimpa mtu lengo la kufikia watu wengi kwa wiki, atawasalimia wengi kwa wiki. Wengine wataandikwa wakiwa usingizini.

#18 ZabibuChungu
#17 hapo kwenye ripoti nakazia kwa mikono miwili.

#19 Mbuyu wa Kongwa
Basi tuachane na hawa wa rika, tuajiri wenye vyeti. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 2024, wapewe na hii kazi. Mtu aliyekuwa anatumia juzi unampeleka maskani leo, unategemea nini?

#20 NesiMstaafu
Unategemea asikilizwe, kitu ambacho mwenye cheti hapati. Zimbabwe kliniki za Harare zimetumia akina bibi wanaokaa kwenye mabenchi kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo tangu 2006, wazo la daktari Dixon Chibanda, na wale bibi hawakuwa madaktari. Lakini hofu yako ina msingi, ndiyo maana kuna masharti. Rika aliye kwenye methadoni anywe dozi yake kwanza ndipo atoke. Hatumwi maskani yake ya zamani akiwa peke yake, wala siku ya kulipwa posho. Aliye na ugonjwa wa akili, siku yake ya kliniki haipangiwi kazi, hata mgeni wa mradi akija. Jioni kuna kikao cha nusu saa cha kutua mizigo, na msimamizi anauliza "umelalaje" kabla ya "umefikia wangapi". Hakopeshi mteja, hakopi kwa mteja, hana mahusiano ya kimapenzi na mteja.

Akiteleza? Msimfukuze. Mtoeni mtaani, apewe kazi ya stoo au jalada, arudi kwenye matibabu. Mkimfukuza, wenzake watajifunza kuficha.

#21 Tochi_ya_Mpwapwa
Na wahudumu wa ngazi ya jamii wanatembelea kaya. Asiye na kaya anaingia orodha gani?

#22 Upepo wa Kizota
Mji wa zabibu halafu uzi mzima hauna pombe? Gongo inaua wengi kuliko unga huku.

#23 NesiMstaafu
Kweli kabisa, na hapa ndipo makosa makubwa yanafanyika. Arosto ya unga inatesa. Kuacha pombe ghafla kunaua. Mnywaji wa kila siku akikatwa leo, degedege linaweza kumpata kati ya saa 6 na 48. Siku ya pili hadi ya nne kuna kuweweseka: anaona wadudu, homa, mapigo yanakimbia, hajui alipo. Familia inasema amerogwa, soba (nyumba ya waraibu wanaoacha) inamfungia chumbani "apoe". Msimpeleke soba moja kwa moja. Kwanza hospitali, apewe dawa ya kumtuliza ya kundi la diazepam kwa kupunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 KABLA ya dripu ya glukosi. Ukianza na glukosi kwa mtu aliyekauka B1 unaweza kumharibu ubongo. Rika hatoi dawa, lakini anaweza kusema kwa sauti kaunta: "huyu anakunywa kila siku, mara ya mwisho jana saa mbili usiku, aliwahi kuanguka degedege". Sentensi hiyo moja inabadilisha huduma.

#24 Kipepeo_Hazina
Na aliyezidisha unga? Huku wanamwagia maji na kumnywesha maziwa.

#25 NesiMstaafu
Maziwa yanaingia kwenye mapafu. Maji hayasaidii, na kumdunga maji ya chumvi ni ujinga. Angalia vitu vitatu: haamki hata ukimsugua kifua kwa vifundo vya vidole, anapumua kwa shida au mara chache na kukoroma, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu. Hospitali ina naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, inafanya kazi kwa muda mfupi, mara nyingi saa moja hivi, na methadoni inakaa zaidi ya siku. Kwa hiyo hata akiamka na kutukana, asiachiwe aondoke.

Walio hatarini zaidi ni waliotoka gerezani au soba juzi. Mwili umesahau, mkono unakumbuka kipimo cha zamani.

#26 Dada_Ustawi
Gereza umelitaja, niongeze polisi. Kanuni ya Adhabu vifungu vya 176 na 177 ndivyo vinavyotumika kwa uzururaji, na msako ukipita timu inapoteza watu wa wiki nzima. Kabla ya kuanza eneo jipya, nenda kituo cha polisi na ofisi ya kata, jitambulishe, acha majina ya waelimishaji na namba ya msimamizi. Mteja mwenye jeraha la kupigwa atahitaji PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ifuateni mapema. Na aliyejaribu kujiua, kuwa makini unachoandika na unakoandika, kwa sababu kifungu cha 217 bado kinalifanya kosa. Mpeleke hospitali kwanza.

#27 Mbuyu wa Kongwa
Sawa, nimekubali nusu. Lakini mnatibu halafu mnamrudisha kibarazani. Mirembe wanamruhusu akiwa mzima, ndugu namba hawapokei, wiki sita yuko palepale sokoni bila sindano. Hiyo ndiyo sababu namba moja kwangu, pa kulala.

#28 Chandarua
New York walianza na chumba kwanza, matibabu baadaye, tangu 1992. Ila huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu hadi sita mbele, na akisikia "Mirembe" chumba kimeshapata mtu.

#29 Tochi_ya_Mpwapwa
Ndiyo maana rika asiseme Mirembe. Aseme ndugu yangu.

#30 Dada_Ustawi
#29 hapana, akigundua baadaye mmemdanganya mnapoteza na vyumba vingine vya mtaa huo. Mwambie ukweli mdogo: anatumia dawa, namba yangu hii hapa, likitokea lolote nipigie mimi kabla ya mjumbe. Na ndugu wasikatiwe tamaa kwa simu moja. Tumeni ujumbe kwa mtendaji wa kijiji anakotoka, kijijini hakuna anayepotea.

#31 Mkwaju_Kavu
Asanteni wakuu. Naona saa, nauli, dozi, karatasi, posho, pa kulala. Bado nasimama na mapokezi 😅

#32 Chandarua
Simama, lakini simama na nauli mfukoni.

#33 Kipepeo_Hazina
Swali jingine kabla uzi haujafungwa: sindano ya mwezi ikiangukia sikukuu na kliniki imefungwa, asubiri?

#34 NesiMstaafu
Kuchelewa siku chache kwa Modecate si balaa kwa wengi, tofauti na methadoni. Ila msiache iwe desturi. Panga wiki moja kabla, ahamishiwe tarehe ya kabla ya sikukuu badala ya baada yake, na rika aandike tarehe mpya kwenye daftari lake, maana kadi ataipoteza.

#35 ZabibuChungu
Na mkimfuata kumkumbusha, vueni vile vizibao.